Walinipa Beleshi, Kura Wakabaki Nayo

Nakundwa mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, maana tangu jana hatujasemeshana, na asubuhi umeondoka kwenda Vudee kule mlimani kumuaga shangazi yako nikiwa bado nimejifungia chumbani. Nilikusikia ukirudishia mlango polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mbwa mkali. Mbwa mwenyewe alikuwa macho, anakusikiliza.

Kesho unapanda basi la Dar es Salaam, kisha ndege. Sitakuandikia habari za koti la baridi, wala nani atakupokea, wala usitembee na hela zote mfukoni. Hayo mchungaji na watu wa usharika wamekwambia mpaka umechoka. Chakula nacho utajijua. Mtu aliyekuzwa kwa makande hashindwi na viazi vya Wajerumani. Nakuandikia kwa ajili ya lile swali la jana mezani.

Uliuliza kwa sauti ya kawaida tu, huku unatenga maharage pembeni ya bakuli kama ulivyozoea tangu utoto: "Mama, nikimaliza chuo nikapata kazi kule, halafu wakaniambia naweza kuwa raia wao nipige kura, niuchukue huo uraia?"

Nami nikasema: "Ukiuchukua, usirudi kwangu." Nikabeba bakuli langu nikaenda kumalizia jikoni, nimesimama.

Lile jibu si langu. Ni la babu yako. Aliniandikia maneno hayo hayo nilipokuwa kule Ujerumani, nikayatii, na mpaka leo nayatafuna. Jana yalinitoka mdomoni mazima mazima, nikashangaa yalikuwa yamekaa wapi miaka yote hii. Kwa hiyo acha nikujibu upya, kwa maneno yangu mwenyewe. Nakuonya mapema kwamba nina hasira, na sitaificha eti kwa sababu unasafiri. Mabusu na machozi utapewa na shangazi yako huko juu, yeye ndiye fundi.

Unakumbuka kidogo nilivyoondoka. Ulikuwa umeanza shule, baba yako alikuwa amekwisha kututoka, na nchi ilikuwa imekauka. Tulifulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa ya foleni na ya kujuana. Wodini tulikuwa tunafua bandeji tunaanika kwenye ua, upepo wa Same unazipeperusha, nami nazifukuza barabarani na sare yangu nyeupe huku abiria wa mabasi wananicheka. Usharika ulipotafuta muuguzi wa kwenda Ujerumani kujifunza na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee, nilinyoosha mkono kabla mchungaji hajamaliza kusema. Nikakuacha kwa babu yako. Nilikuwa nakutumia sabuni za kunukia, na shangazi yako akaniambia huziogei, unazilaza chini ya mto. Hilo liliniuma, na bado linaniuma, lakini si habari ya leo.

Wewe unakwenda mji mwingine, ila utayakuta yale yale. Mimi niliwekwa upande wa reli, kwenye maghorofa ya Waturuki, Waghana, Waeritrea, na Wajerumani ambao maisha yamewapiga. Mwaka wangu wa kwanza, lugha yenyewe bado inanikwaza, likabandikwa tangazo penye ngazi. Lilisema wakazi waje Jumamosi na vifaa vyao, kuna uwanja wa takataka kando ya reli unataka kusafishwa, ugeuzwe vijishamba vya mboga, kila familia ilime chake. Nilirukaruka pale penye ngazi, Nakundwa! Nikasema, kumbe hawa watu nao wana msaragambo!

Wewe umekulia humo. Pembe inapulizwa jioni, asubuhi kila nyumba imetoa mtu, mnapanda kuzibua mfereji au kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la juu, ili maji yakusanyike yagawiwe. Usipokwenda unatozwa faini. Ukienda una zamu ya maji, na siku ya kugawa zamu una neno. Awe mjane, awe mlevi, awe na shamba kubwa kama leso, kama ameshika jembe anasimama anasema maji yaende wapi, na wanamsikiliza. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma, nimezaa, na bado nilidhani hiyo ni sheria ya dunia nzima. Mpare peke yake ndiye angeweza kukosea hivyo.

Basi nikaazima beleshi kwa mzee mmoja niliyekuwa namuuguza, nikajifunga kitambaa, nikaenda. Nilichimba siku nzima. Niling'oa vyuma, nikazoa vioo, nikachimba mtaro wa kutoa maji maana niliona ardhi ilikolalia, wao hawakuiona. Watu walisimama wananitazama. Mmoja akanipiga picha. Kwabena, Mghana aliyekuwa anaishi ghorofa ya juu yangu na kufanya kazi kiwandani, alinipita akasema, "Dada, pumzika, hawakulipi." Nikamwambia najua, kwetu ndivyo tunavyofanya. Akacheka, akaenda zake. Nilimwona mvivu.

Wiki iliyofuata ukaitwa mkutano wa kugawa vile vijishamba. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimekwisha chagua kipande changu, kile cha karibu na mtaro wangu, na nilikuwa na hoja ya namna ya kugawana maji ya bomba maana bomba lilikuwa moja. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanitazama kwa upole mno, ule upole wa mtu anayezungumza na mtoto aliyepotea sokoni. Akasema, "Bibi mpendwa, wewe ni mgeni wetu. Tunakushukuru sana kwa kazi yako. Lakini jambo hili ni la wakazi wenye haki ya kupiga kura."

Alikuwapo bibi mmoja ambaye Jumamosi ile alikaa kwenye kiti cha kukunja toka asubuhi hadi jioni akinywa kahawa. Hakuinua hata kijiti. Yeye akanyoosha mkono, ukahesabiwa. Vijishamba vikagawanywa. Watu wa upande wa reli tulipewa viwili vya kutumia kwa pamoja, kule kwenye kivuli cha ukuta ambako hata figili hazioti. Mtaro wangu ukaangukia kwa yule bibi.

Mwisho wa mkutano mwenyekiti akaniita mbele, wote wakapiga makofi, nikapewa zawadi. Beleshi jipya, limefungwa utepe mwekundu. Nami, mwanangu, nililipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa! Ndilo lile lililo nyuma ya mlango, lenye mpini wa manjano, unalopenda kwenda nalo kwenye ndiva kwa kuwa ni jepesi. Umeniuliza mara nyingi nililinunua wapi, nami nikakujibu kwa mkato. Sasa unajua.

Hasira haikuja siku ile. Siku ile nilikuwa na aibu. Ilikuja baadaye kidogo kidogo, kila nilipopita nikaona figili za yule bibi zimenawiri kando ya mtaro wangu.

Kwabena aliposikia habari ya beleshi hakunicheka. Akasema, "Haya, sasa twende Baraza la Wageni." Hili lilikuwa baraza la mji kwa ajili ya watu kama sisi. Tulichagua wajumbe wetu, nami nikachaguliwa, maana wanawake wa upande wa reli walinipenda kwa ajili ya sindano na ushauri. Nikafurahi tena. Naona aibu kukuandikia mara ngapi nilifurahi mwaka ule.

Tulikuwa na ukumbi mzuri, meza inang'aa, maji ya chupa, na karatasi yenye jina mbele ya kila mtu. Jina langu waliliandika vizuri bila kosa. Tulikaa pale tukasema. Tulisema kuhusu vijana weusi waliokuwa wanasimamishwa stesheni kila siku na kupekuliwa mbele ya watu, hata mtoto wa Kwabena aliyezaliwa pale pale mjini na asiyejua lugha nyingine kuliko Kijerumani. Tulisema kuhusu shule kuwapeleka watoto wetu wote kwenye madarasa ya wasiojiweza kimasomo bila kuwapima. Tulipiga kura zetu, wote kwa kauli moja. Na kila mara anatoka mtu wa ofisi ya meya, anasimama, anasema: "Tunashukuru kwa maoni yenu ya thamani." Kisha yale maoni yanakwenda kwenye baraza lenyewe, la raia, na huko sisi hatuingii. Hatukuwahi kusikia yamefikia wapi. Ni kama kuruhusiwa kulia kwenye msiba wa watu, lakini kwenye kikao cha ukoo unatolewa nje.

Ukiwa kule utaambiwa mambo yanakwenda polepole, uwe na subira. Subira kwetu ni sifa, na wao wamelijua hilo. Tahadhari na mtu anayekusifia subira yako wakati yeye amekwisha kula.

Majira ya joto ya mwaka mmoja baadaye, vijana walivurumisha mawe kwenye nyumba walimolala wakimbizi, karibu na kwetu. Vioo vikavunjika, mama mmoja wa Kieritrea akakatwa usoni akiwa amembeba mwanawe. Mimi ndiye niliyemfunga jeraha, kwa taulo la jikoni kwangu, kabla gari la wagonjwa halijafika. Kesho yake meya akaja na waandishi wa habari. Mtu wake akanishika kiwiko taratibu, akanisogeza, "Simama hapa, bibi, karibu na meya." Nikasimama. Walitaka sura nyeusi kwenye picha, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mwandishi mmoja akamuuliza meya, "Je, watu hawa wanajisikiaje?" Nimesimama pale pale! Bega langu linagusa la meya, damu ya yule mama bado iko kwenye kucha zangu, na anaulizwa meya! Naye akaanza kujibu, anaeleza ninavyojisikia. Anasema tuna huzuni, ila tuna imani na mji.

Nikasema, kwa Kijerumani changu cha wodini, "Niulize mimi." Nikasema tena, kwa sauti ile ninayowaitia wewe na mbuzi: "Mimi niko hapa. Mimi nina mdomo. Nalipa kodi ya mji huu, nawaogesha wazazi wenu, nimechimba bustani yenu. Sina huzuni, nina hasira. Na imani sina."

Gazeti la kesho yake lilitoa picha yangu mdomo wazi, na chini wakaandika kwamba kulikuwa na mwanamke mwenye hasira kutoka Afrika. Nilichokisema hawakukiandika. Kwenye Baraza la Wageni nikaitwa, nikaambiwa nimeharibu hali ya maelewano. Waliosema hivyo ni wenzangu, weusi kama mimi. Waliogopa kupoteza ile meza. Hilo liliniumiza kuliko meya.

Kwabena hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa amekwisha kuapa, amechukua uraia wao, akarudisha pasipoti ya Ghana. Siku aliyoapa alirudi nyumbani akalala kutwa kama mtu aliyetoka kuzika. Chama kimoja kikamwita agombee udiwani. Bango lenye uso wake likajaa mjini, tukasema sasa tumefika! Lakini kule watu huchagua orodha ya chama, na kwenye orodha yeye alikuwa chini kabisa, mahali ambapo hata chama kingeshinda mara tatu asingefikiwa. Juu kwenye bango, chini kwenye orodha. Nilitaka nikavunje ile ofisi yao kwa lile lile beleshi lenye utepe.

Kwabena hakuvunja kitu. Alipita mlango kwa mlango upande wa reli, akitafuta kila aliyekwisha pata karatasi ya uraia, Waturuki na weusi na hata Wajerumani wale waliokata tamaa, akawapeleka kupiga kura. Wengine aliwasindikiza akiwabebea watoto. Hakushinda, ni wazi. Lakini kura za mtaa wetu zikahesabiwa zikaonekana, na uchaguzi uliofuata yule meya mwenyewe alipanda ngazi zetu, anahema, anabisha hodi. Alibisha kwa Kwabena. Kwangu hakubisha. Alipita mlangoni pangu kwa sababu mimi sikuwa na kitu anachokitaka.

Nilisimama nyuma ya mlango nikisikia viatu vyake vikipita. Nakundwa, kama kuna kitu kimoja nataka ukibebe kesho kwenye mzigo wako, ni sauti ya vile viatu.

Ndipo nikamwandikia babu yako. Nikamweleza kwamba nimetimiza miaka yao inayotakiwa, naweza kuomba uraia, ila sheria yao inataka niache wa kwetu, na sheria ya kwetu nayo haimruhusu mtu kuwa na pasipoti mbili. Nikamwomba baraka. Akanijibu mstari mmoja: "Ukiuchukua, usirudi kwangu." Nawe ulikuwa kwake. Nikafunga mizigo, nikarudi na beleshi.

Sasa nikueleze kwa nini jibu lile lilinishangaza kuliko unavyodhani. Unaijua hadithi ya babu yako na kuku, mmekuwa mkiicheka kila Krismasi. Watu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na babu yako aliuza ng'ombe kweli, kwa kuku kweli, jogoo wa kishingo asiyefaa hata mchuzi. Mnacheka hapo, mnaishia hapo. Hakuna aliyekusimulia kuku alikuwa wa nani.

Alikuwa wa Mzee Bitaliho, Muha. Alikuja kutoka Kigoma akiwa kijana, manamba, kukata mkonge huko tambarare. Mgongo ulipochoka akapanda mlimani, akanunua kipande chini ya mfereji wetu, akaoa. Kila pembe ilipolia alikuwa wa kwanza kufika. Alizoa tope mpaka kiunoni. Na kila ilipogawiwa zamu ya maji aliambiwa, "Wewe ni mtu wa kuja, ngoja kwanza." Alingoja, mtoto wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka mmoja wa ukame mahindi yake yakaanza kujikunja, akafungua maji mwenyewe. Wazee wa mfereji wakamtoza faini ya kuku.

Babu yako akamwambia, "Usilipe." Kuku akachukuliwa kwa nguvu. Babu yako akalipeleka shauri kwenye baraza, akashindwa, akateremka nalo Same mahakamani, akaambiwa rudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa tena rudi. Nilikuwa msichana, nilimbebea viazi vya njiani. Ng'ombe akaishia huko kwenye nauli na mashahidi. Ndugu zake walimwambia, "Mtu mwenyewe si hata wa kabila letu!" Akawajibu, "Tope alilozoa ni la kabila gani?"

Mwishowe akashinda, kuku akarudishwa, au tuseme kuku mwingine, maana yule walikuwa wamekwisha mla. Na Mzee Bitaliho akapewa zamu, ya alasiri, yeye na watoto wake. Mpaka anakufa alikuwa anasalimia kwa Kiha akilewa, na anaimba nyimbo za kwao. Amezikwa pale pale chini ya mfereji. Wajukuu zake umecheza nao.

Basi niliporudi nikamuuliza babu yako, tumekaa uani tunachambua tangawizi: "Baba, kwa ajili ya Bitaliho uliuza ng'ombe ili apewe zamu. Mbona mimi umeninyima?"

Akaendelea kukwangua tangawizi moja hadi ikabaki kama kidole. Kisha akasema, "Bitaliho hatukumwambia akane Kigoma kwanza."

Na ni kweli. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nina hasira hadi leo. Sisi watu wa mlimani, na ukaidi wetu, na ubahili wetu wa maji, tulimwambia mtu ngoja, tukamwonea, tukamla kuku wake. Lakini hatukumwambia mkane mama yako ndipo tukupe maji. Wale wenye meza zinazong'aa ndivyo walivyotuambia, na wakaliita jambo la kawaida la kisheria.

Lakini usiku ule sikulala, na asubuhi nikamrudia babu yako nikamwambia, "Umesema kweli, Baba. Kosa ni lao. Lakini adhabu uliniandikia mimi." Nilimpa maji ya kunawa, akanawa. Jambo hilo hatukulizungumza tena mpaka tulipomzika.

Na jana, mezani, nikataka kukuandikia wewe adhabu ile ile.

Usidhani nakusifia ya hapa. Hapa kura tunayo, tena sasa ya vyama vingi, na umeona mwenyewe inavyouzwa kwa doti ya khanga na kilo ya sukari. Ile sukari tuliyoililia miaka ile sasa imejaa madukani, na sisi tunaibadilisha na midomo yetu. Mashamba ya mkonge yamefungwa, manamba wameachwa kwenye mabanda yao na mapanga yasiyo na kazi, mimi nimepunguzwa hospitalini nauza panadoli kwenye kibanda, na mbunge hatujamwona tangu azigawe zile khanga. Nilimrudishia yangu. Shangazi yako alizichukua mbili, yake na ile niliyoikataa, na anazivaa. Nimemwambia ninavyoona. Kwa hiyo ukija kuniambia Mama, hata kwenu kura haina maana, nitakuelewa, lakini sitakubali. Nimekaa mahali ambapo sikuwa nayo. Nimesikia viatu vikipita.

Haya. Jibu langu ni hili.

Ukifika, usiwe mgeni mzuri. Nilikuwa mgeni mzuri, nikapata makofi. Wakikuita kwenye msaragambo wao, uliza kwanza nani atapiga kura siku ya kugawa. Wakikupa kiti, uliza kama kina kura. Kama hakina, kaa kama una lako la kusema, useme, uondoke, usikipende. Wakikupiga picha na mkubwa wao, zungumza kabla hajazungumza yeye. Watasema una hasira. Sema ndiyo.

Na wakikwambia uape, uache pasipoti ya huku, nakuomba kwanza upigane na ile sheria, pamoja na wenzako na akina Kwabena wa huko, kwa sababu ni ya uonevu, na sheria ni za watu, hubadilika. Pigana kama kwenye kesi ya kuku. Wewe ni mjukuu wa yule mzee, usione haya kuchekwa. Lakini kama miaka imepita, una watoto, wanapekuliwa stesheni, na sheria bado ni ile ile, basi chukua. Apa. Uiombolezee pasipoti ya huku siku moja kutwa kama Kwabena, kesho yake ukapige kura. Sitakukasirikia wewe. Nitaendelea kuwakasirikia wao, na serikali yetu pia, na hasira ninayo ya kutosha wote.

Na rudi. Neno la jana nimelifuta. Njoo na pasipoti ya rangi yoyote, na kama itabidi uombe viza kuja kwa mama yako, iombe, uniambie ni nani aliyekupigia huo muhuri ili nimtukane vizuri.

Jana jioni, ulipokuwa unafunga begi, mzee wa mfereji alipita kibandani kwangu. Alhamisi pembe italia, ndiva imejaa tope. Akaniuliza, "Huyu binti yako anayekwenda Ulaya, tumfute kwenye zamu?"

Nikamwambia asithubutu. Alhamisi nitapanda Vudee na lile beleshi la mpini wa manjano. Nitachimba kipande changu, nikimaliza nitachimba na chako, na kila pembe itakapolia, mpaka nife. Zamu yako ni ya alasiri, jirani na wajukuu wa Bitaliho.

Makande ya jana nimeyapasha moto, yapo jikoni. Maharage nimekuondolea.

Mama yako